Kuutambua mmea ukiwa Dodoma: hebaria, msimbopau wa DNA au jenomu?

Mwanafunzi wa uzamili amerudi kutoka vichaka vya Itigi na mafurushi ya matawi asiyoyajua majina. Ofisa misitu amezuia lori la magogo yasiyo na jani hata moja. Mama anayefungasha mlenda wa unga pale soko la Majengo amepata mnunuzi wa nje ya nchi, na mnunuzi huyo anataka jina la kisayansi liandikwe kwenye pakiti. Siku hizi wote watatu hupewa ushauri mmoja: pima DNA. Kwa mama wa mlenda ushauri huo ni mzuri. Kwa ofisa misitu, mara nyingi ni kupoteza fedha. Kwa mwanafunzi inategemea anauliza nini, na wengi huenda maabara kabla hawajalijua swali lao.

Njia ninazolinganisha hapa ni tatu. Ya kwanza ni hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa na kubandikwa, pamoja na jicho la mtaalamu anayeisoma. Ya pili ni msimbopau wa DNA, kipande kifupi cha DNA kinachosomwa herufi kwa herufi na kulinganishwa na vipande vilivyowekwa kwenye benki za data kama GenBank na BOLD. Ya tatu ni kusoma jenomu yote ya kloroplasti, yaani DNA yote iliyomo kwenye vipengele vya kijani vya seli, au mamia ya jeni za kiini cha seli kwa mkupuo.

Programu za simu kama Pl@ntNet na iNaturalist nimeziacha nje. Zinasaidia kuanzia, ila zimefunzwa kwa picha ambazo watu wamezipakia, na picha za Ulaya na Marekani ni nyingi mno kuliko za Mpwapwa au Manyoni. Jina zinalokupa lichukue kama fununu.

## Vigezo

Anza na hali ya sampuli. Una tawi zima lenye maua na matunda, jani tupu, gome, mzizi, au unga? Kigezo hiki peke yake kinaweza kufuta njia moja kabla hujauliza bei.

Kisha swali lenyewe. "Huu ni mmea gani?" ni swali moja. "Je, huu ndio ule nilioambiwa, au nimeuziwa mwingine?" ni swali jingine, tena jepesi. "Mimea hii ina undugu gani?" ni la tatu, na ndilo gumu kuliko yote.

Kigezo ambacho mimi nakipa uzito mkubwa zaidi ni hiki: watuhumiwa wako, yaani mimea unayodhani huenda ndiyo, wana undugu wa karibu kiasi gani? Mmea wa familia ya ufuta na mmea wa familia ya mbuyu hutenganishwa na kipande kimoja cha DNA bila ubishi. Migunga miwili ya jenasi moja, yaani kundi moja la spishi ndugu, iliyoachana juzi tu kwa hesabu za mageuko, inaweza kuzishinda jeni nne. Watu huuliza "DNA ina uhakika kiasi gani?" kana kwamba jibu ni moja kwa mimea yote. Si moja.

Halafu kuna fedha, muda na vibali, ambavyo havihitaji maelezo mengi kwa mtu aliyewahi kuomba ruzuku. Mwisho ni kitakachobaki baada ya kazi: je, mtu mwingine ataweza kukagua jibu lako miaka 20 ijayo?

## Hebaria na jicho la mtaalamu

Sampuli. Unakata tawi lenye majani, maua na ikiwezekana matunda, unalibana kati ya magazeti, unalikausha, unaandika lebo: mahali, vipimo vya GPS, mwinuko, tarehe, rangi ya ua likiwa bichi, na jina wanaloliita wenyeji. Jina la Kigogo au la Kirangi usilidharau. Mzee aliyechunga mbuzi maisha yake yote huwa anatenganisha miti kwa harufu ya gome, kitu ambacho gazeti haliwezi kukihifadhi. Shida ni kwamba jina moja la kienyeji linaweza kubeba spishi mbili tatu, na spishi moja ikawa na majina tofauti Kondoa na Kongwa.

Kwetu kikwazo kikubwa ni majira. Mvua ya Dodoma huanza Desemba hivi na kuisha Aprili. Baada ya hapo nyika inapukutisha majani, na miti ya jenasi ya Commiphora, ile yenye utomvu unaonukia na gome linalobanduka kwa tabaka nyembamba, hubaki fimbo tupu kwa miezi. Mbaya zaidi, Commiphora nyingi huchanua kabla ya majani kutoka, na mti dume na mti jike ni miti tofauti. Ua, jani na tunda hutavipata siku moja. Inabidi upigilie kibati chenye namba kwenye mti na kuurudia.

Swali linalojibiwa vizuri. "Huu ni mmea gani?", pale mmea unapokuwa mzima. Chukua migunga. Shika tawi: miiba ikiwa mirefu, iliyonyooka, inayotoka miwili miwili, kwa kawaida uko upande wa jenasi ya Vachellia. Ikiwa mifupi na imepinda, uko Senegalia. Ukikuta ya aina zote mbili kwenye tawi moja, mirefu myeupe imechanganyikana na mifupi iliyopinda, mara nyingi umeshika Vachellia tortilis, ule mgunga wa kichwa bapa. Miiba mitatu mitatu, miwili ikitazama juu na wa kati ukiwa umepinda kuelekea chini, ni Senegalia senegal, mgunga wa gundi. Maua nayo yanasema: vitufe vya mviringo kwa Vachellia, mikia mirefu kwa Senegalia nyingi. Na mti wa maganda yaliyojikunja wenye majani mabichi Septemba, wenzake wote wakiwa uchi, utakuwa Faidherbia albida. Kazi yote hiyo umeifanya kwa kuchomwa vidole tu, bila senti ya maabara.

Kwa kuhakikisha jina kuna vitabu vya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania vilivyoanza kutoka mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, vyenye spishi zaidi ya 12,000. Vimeigawa Tanzania Bara kanda nane, na Dodoma, Kondoa, Mpwapwa, Singida na Manyoni zimo katika kanda inayoandikwa T5. Ukifungua jenasi yoyote, tazama kwanza spishi zilizowekewa T5. Orodha ya watuhumiwa hupungua hapo hapo.

Inapokwama. Unga, mizizi iliyokatwakatwa, mche wenye majani mawili, kinyesi cha mnyama unayetaka kujua alikula nini. Pia wataalamu wenyewe ni wachache, na aliyebobea kwenye Commiphora si lazima azijue nyasi.

Fedha, muda, vibali. Nafuu kuliko zote: kibanio cha mbao, magazeti, nauli ya basi kwenda Hebaria ya Taifa iliyoko Arusha au ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Muda hutegemea foleni ya mtaalamu. Kibali cha kukusanya bado unakihitaji, hasa ndani ya hifadhi.

Kinachobaki. Hapa hebaria haina mpinzani. Kielelezo kinakaa kabatini, jina likibadilika linabandikwa kikaratasi kipya pembeni ya kile cha zamani, na yeyote anayekutilia shaka anaweza kwenda kukitazama.

Inamfaa mwenye mimea mizima, bajeti ndogo, na uwezo wa kusubiri mvua.

## Msimbopau wa DNA

Wazo hili lilivuma mwaka 2003, Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada walipopendekeza jeni moja ya mitokondria, COI, itumike kutambua wanyama. Kwa mimea COI haifai. Mitokondria za mimea hubadilika polepole mno, kiasi kwamba spishi mbili tofauti zinaweza kuwa na herufi zilezile. Ndiyo maana mwaka 2009 kikundi cha kimataifa kilichopewa kazi hiyo kikachagua jeni mbili za kloroplasti, rbcL na matK, zisomwe kwa pamoja. Katika majaribio yao jozi hiyo ilitenganisha spishi kwa asilimia 72. Ikariri namba hiyo mtu akikwambia DNA haikosei: waliochagua msimbopau wenyewe walijua kwamba zaidi ya robo ya spishi ingewaponyoka.

Sampuli. Kipande cha jani cha ukubwa wa ukucha kinatosha, kikikaushwa upesi ndani ya silika jeli, zile chembe zinazofyonza unyevu, yenye uzito wa angalau mara kumi ya jani. Hewa kavu ya Dodoma inasaidia, ila usianike juani, maana jua na joto hukatakata DNA. Kiangazi kikiwa kimemaliza majani, ngozi laini iliyo chini ya gome inatumika, au kichipukizi. Unga, mzizi na mbegu vinakubali pia. Huu ndio ushindi mkubwa wa msimbopau juu ya hebaria: haujali kama mmea una ua.

Swali linalojibiwa vizuri. "Je, huu ndio ule?", hasa watuhumiwa wakiwa mbalimbali kindugu. Tuurudie mlenda. Kwenye soko jina hilo hubeba mimea ya koo mbili zisizohusiana: Corchorus, ambayo ni ya familia moja na mbuyu, na Sesamum za porini, ndugu wa ufuta. Zikiwa shambani mtoto anazijua. Zikishakaushwa, kutwangwa na kufungwa kwenye mfuko, zote ni unga wa kijani uliofifia. Mnunuzi akitaka kujua ni ipi, rbcL pekee itamjibu, kwa sababu familia hizo mbili zimeachana zamani sana. Lakini akiuliza kama ni Corchorus olitorius au Corchorus trilocularis, rbcL haitoshi. Hapo utaongeza kipande kingine.

Vipande vinavyotumika sana ni vinne, na kuchagua kati yao ni ulinganisho mwingine ndani ya huu. rbcL, herufi kama 550, ni mpole: praima zake, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili, zinashika karibu mmea wowote, na jenasi utaipata mara nyingi, ila kwenye spishi huishiwa nguvu. matK, herufi kama 800, inatofautisha vizuri zaidi lakini ni mkorofi; kuna familia ambazo praima za kawaida hazinasi, na unabaki na jeli isiyo na mstari, yaani hakuna kilichonakiliwa. trnH-psbA hubadilika haraka, hivyo husaidia kwa spishi za karibu, ila ina sehemu zenye herufi moja iliyojirudia mfululizo zinazoivuruga mashine, na urefu wake haulingani kati ya mmea na mmea. ITS2 iko kwenye kiini cha seli, si kwenye kloroplasti. Ni fupi, herufi 200 na kitu, kwa hiyo inasomeka hata DNA ikiwa imekatika katika unga au dawa kavu, na watafiti wa mimea ya dawa wa China wameitegemea sana. Kasoro yake: ukungu nao una ITS. Unga ukivunda kidogo stoo, unaweza kulipia kusoma kuvu.

Ningeanza na rbcL pamoja na ITS2 kwa unga na dawa, na rbcL pamoja na matK kwa majani mazuri ya porini. Wapo watakaopinga, na kwa baadhi ya familia watakuwa na haki.

Sasa kuhusu ute, kwa sababu vitabu vya mbinu hupita juu yake haraka. Njia iliyozoeleka ya kutoa DNA kwenye mimea, ile ya CTAB ambayo maabara nyingi zinaitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ilitungwa bila kufikiria mlenda. Unasaga, unaongeza dawa ya moto, na mrija unageuka uji. Ukifika hatua ya kumwaga isopropanoli, pale unapotarajia kuona wingu jembamba jeupe, unapata donge la kahawia linaloteleza, linalonata kwenye ncha ya pipeti na halitaki kuyeyuka tena. Hiyo ni sukari ndefu ya ute iliyobeba DNA pamoja nayo, na ikiingia kwenye PCR, ile hatua ya kunakili DNA mara nyingi, inazima kimeng'enya. Dawa yake ni kuosha unga mara mbili tatu kwa maji yenye sobitoli kabla ya CTAB, kuongeza chumvi kwenye mchanganyiko, na kuipunguza DNA mara kumi kwa maji safi kabla ya PCR. Utomvu wa Commiphora nao una vituko vyake. Kwa miti hiyo chagua kichipukizi kichanga na uongeze PVP, unga unaonasa kemikali zinazoharibu DNA.

Inapokwama. Kwanza, maktaba. Mfuatano wako unalinganishwa na mifuatano iliyopo benki, na kama mmea wa Itigi haujawahi kusomwa na mtu, mashine itakuletea ndugu yake wa Zambia au hata wa India, ikiwa na asilimia 99 na uso mkavu. Mashine haisemi "sijui". Kanuni ninayoifuata: wa kwanza na wa pili kwenye orodha wakifungana, umepata jenasi, hujapata spishi. Na mfuatano usio na kielelezo cha hebaria nyuma yake usiuamini peke yake, kwani waliouweka benki nao waliutambua mmea kwa macho.

Pili, kloroplasti kwa mimea mingi hurithiwa kwa mama. Mimea ikichanganya damu, msimbopau wa kloroplasti utakutajia mama na kumficha baba. Kwenye miombo ya Brachystegia jambo hili ni zito: spishi tofauti zinazoota eneo moja zimekutwa zikishiriki kloroplasti za aina moja, kiasi kwamba kloroplasti inakueleza mti umetoka wapi kuliko inavyokueleza ni mti gani. Kwa miombo ya vilima vya Irangi, kule Kondoa, rbcL na matK zitakupa jibu lenye sura nzuri na faida ndogo.

Tatu, mchanganyiko. Usomaji wa kawaida, ule wa Sanger, unataka mmea mmoja kwenye mrija. Ukiwa na mimea mitatu kwenye unga mmoja, vilele vya grafu vinapandana na husomi kitu. Inabidi uende kwenye mashine za kizazi kipya zinazosoma kila kipande peke yake. Hata hapo utajua kilichomo, hutajua kwa uhakika ni gramu ngapi. Na DNA haitakuambia kama unga una dawa ya wadudu au risasi. Mnunuzi akitaka usalama wa chakula, hicho ni kipimo kingine.

Fedha, muda, vibali. Piga hesabu kabla ya kuahidi. Sampuli 40, vipande 3, kila kipande kisomwe kutoka pande mbili: usomaji 240, bila kuhesabu utakaofeli na kurudiwa. Vitendanishi vinaagizwa nje na vingine havitaki kutoka kwenye barafu. Vikundi vingi nchini hutoa DNA na kufanya PCR hapa, kisha hutuma kusomwa nje, iwe Afrika Kusini, Ulaya au Korea Kusini. Kutuma kunadai mkataba wa kuhamisha sampuli na cheti cha afya ya mimea, juu ya kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, inayohusu kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, iko nyuma ya mambo hayo yote. Vibali vianze kabla ya safari ya porini, si baada yake. Silika inaweza kusubiri mwaka; mfadhili hasubiri.

Kinachobaki. Mfuatano wa herufi ambao dunia nzima inaweza kuutumia, kwa sharti kwamba ulikata pia tawi la hebaria kutoka mti uleule na kuandika namba ileile.

Inamfaa mwenye sampuli isiyo na sura, au mwenye watuhumiwa wachache anaowajua tayari.

## Jenomu ya kloroplasti, au mamia ya jeni

Sampuli. Kama za msimbopau, ikiwa na ziada moja ya thamani: kwa kuwa mashine hizi husoma vipande vifupi, DNA iliyokatika ya kielelezo cha hebaria cha miaka mingi iliyopita inasomeka. Mmea uliokusanywa Manyoni enzi za utafiti wa mbung'o unaweza kuingia kwenye uchunguzi wa leo bila mtu kurudi kichakani, wenye ghala wakikuruhusu kukata kipande.

Swali linalojibiwa vizuri. Undugu. rbcL na matK kwa pamoja ni herufi kama 1,400. Jenomu ya kloroplasti ni kama 150,000. Kwa upande wa kiini kuna seti ya Angiosperms353, iliyotengenezwa kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, inayonasa jeni 353 kwa mmea wowote unaotoa maua. Ukihitaji kujua kama mti ni chotara, au kama kinachoitwa spishi moja ni mbili, huku ndiko kwa kwenda, kwa sababu jeni za kiini hubeba historia ya baba na ya mama.

Tahadhari lakini. Si kila swali la undugu linahitaji silaha nzito. Mgawanyo wa Acacia, jenasi kubwa ambamo zamani migunga iliwekwa, uliungwa mkono na jeni chache za kloroplasti, ila zilizosomwa kwenye spishi nyingi za mabara mengi. Zilionyesha kwamba migunga yetu si ukoo mmoja na miti ya Australia, na kwamba hata yetu yenyewe ni koo mbili. Ubishi uliobaki ulikuwa wa jina: mkutano wa kimataifa wa botania wa Vienna mwaka 2005 uliwaachia Waaustralia jina Acacia, ule wa Melbourne mwaka 2011 ukathibitisha, na migunga ya Afrika ikabaki Vachellia na Senegalia. Wapo wataalamu wa Kiafrika ambao hadi leo wanalitaja jambo hilo kwa uchungu, na siwalaumu. Kwa undugu wa mbali, kuongeza spishi kwenye sampuli kunalipa kuliko kuongeza jeni.

Mbuyu unaonyesha upande wa pili. Mwaka 2012 ilitangazwa spishi mpya ya Afrika, Adansonia kilima, iliyodaiwa kutofautiana na mbuyu wa kawaida kwa maua, chavua na idadi ya kromosomu. Mwaka 2016 watafiti wengine waliupitia upya ushahidi na kuirudisha ndani ya Adansonia digitata. Kwa ubishi wa namna hiyo msimbopau mfupi hauna la kuongeza. Unahitaji kromosomu, vipimo vya miti mingi, na jeni nyingi.

Inapokwama. Kompyuta na mtu wa kuiendesha. Data hujaza diski, umeme hukatika katikati ya hesabu ya siku tatu, na mtaalamu wa bioinfomatiki ana foleni ndefu kuliko yule wa hebaria.

Fedha, muda, vibali. Bei kwa sampuli iko juu, bei kwa herufi iko chini. Vibali ni vilevile vya msimbopau.

Kinachobaki. Data ambayo wengine wataichimba kwa maswali ambayo wewe hukuyafikiria. Kielelezo bado ni lazima.

Inamfaa mwenye swali la undugu lililokwisha kuzishinda njia mbili za mwanzo.

## Kulingana na hali yako

Unatengeneza orodha ya mimea ya kichaka cha Itigi kwa ajili ya tasnifu: beba kibanio na silika kwa pamoja, kila namba iwe na vyote viwili. Tambua kwa hebaria kadiri utakavyoweza, kisha peleka DNA ya ile iliyokushinda tu. Usisome msimbopau wa Baphia burttii, mmea wa vichaka hivyo, iliyo na maua na matunda mkononi ili jedwali lipendeze, isipokuwa kama lengo lako ni kuijaza maktaba. Hilo ni lengo la heshima, lakini liandike hivyo kwenye pendekezo lako tangu mwanzo.

Unauza mlenda, ubuyu wa unga au mizizi ya dawa: msimbopau. Mpe mwenye maabara pamoja na unga majani yaliyobanwa kutoka shamba unalonunulia, ili alinganishe kitu na kitu, badala ya kulinganisha unga wako na benki ya watu wasioijua Dodoma.

Uko kwenye kizuizi cha barabarani na gogo: anza na lenzi ya mkononi na mtaalamu wa anatomia ya mbao. Kiini cheusi cha gogo ni seli zilizokufa zilizojaa kemikali, DNA yake ni ya taabu. Mbao nyeupe ya nje karibu na gome ina nafasi bora kidogo. Kwa mpingo, ambao ni wa jenasi ya Dalbergia, una ahueni ya kisheria: tangu Januari 2017 jenasi nzima ya Dalbergia imo kwenye viambatisho vya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo kwa usafirishaji wa nje kuthibitisha jenasi kunatosha kuanzia, na jenasi huonekana kwenye lenzi.

Unafuga nyuki Manyoni na unataka kuandika kwenye chupa asali imetoka maua gani: kama kuna mtu karibu anayezijua chavua kwa hadubini, mpe yeye kwanza. Asali hubeba mimea mingi kwa wakati mmoja, hivyo msimbopau wa Sanger hautakusaidia. Ni mashine za kizazi kipya au hadubini.

Unafanya kazi kwenye miombo ya Kondoa, au unashuku uchotara popote pale: ruka msimbopau wa kloroplasti. Ama ubaki na hebaria na kukiri kwamba baadhi ya miti itaandikwa Brachystegia tu, ama utafute mshirika mwenye uwezo wa jeni za kiini.

Na kama una fedha ya sampuli kumi tu mwaka huu, zitumie zote kwenye jenasi moja, ichague Commiphora kwa mfano, pamoja na Commiphora ugogensis iliyobeba jina la Ugogo, kila moja ikiwa na ua, jani na tunda vilivyokusanywa kwenye mti wenye kibati. Sampuli kumi za namna hiyo zitamfaa mtu wa kanda ya T5 anayekuja nyuma yako kuliko mia zilizookotwa njiani bila vielelezo.